Tupeni jumba la kuwaona kina Tingatinga: barua ya wazi kwa mawaziri wawili

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maliasili na utalii.
Nakala: Baraza la Sanaa la Taifa, Makumbusho ya Taifa la Tanzania, wabunge wa mkoa wa Dar es Salaam.

YAH: JUMBA LA TAIFA LA SANAA, DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya serikali wilayani Temeke. Nimewaandikia nyote wawili kwa pamoja kwa sababu ninachokiomba, jumba la taifa la kutunza kazi za wachoraji na wachongaji wetu kama Edward Tingatinga, kimekaa kwenye mpaka wa wizara zenu. Makumbusho ya Taifa yako chini ya maliasili na utalii. Wasanii, kupitia Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), wako chini ya utamaduni. Mchoraji akiwa hai na brashi mkononi ana wizara yake. Akishafariki, na picha zake zikageuka kuwa urithi, zinahitaji wizara nyingine. Hapo katikati hakuna mwenye kazi ya kuzipokea, na hapo ndipo zinapotupotea.

Likizo iliyopita nilikwenda Nairobi kwenye harusi ya ndugu. Shughuli zilipokwisha nikabaki na siku moja ya kutembea mjini kabla ya kurudi kwa basi kupitia Namanga. Mwenyeji wangu alikuwa binti wa dada yangu, anayesoma huko. Aliniuliza kama nataka kwenda kuona wanyama, maana mbuga yao iko pale pale mjini. Nikamwambia wanyama tunao, nipeleke nikaone mji na kazi za watu.

Tulianzia Moi Avenue, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, lililokuwa la Benki ya India zamani. Mbele yake imesimama sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Kenya, na mahali alipopigwa risasi Julai 1969 ni barabara hiyo hiyo. Watu wanaahidiana kukutana pale na kupigana picha. Mzee mmoja alikuwa akimsomea mjukuu maandishi ya chini ya sanamu kwa sauti. Ghorofa ya chini ya jengo kuna ukumbi uliojaa kazi za mikono kutoka sehemu nyingi za Afrika: vinyago, vitambaa, ngao, mapambo. Vilikuwa mali ya mtu mmoja, Joseph Murumbi, ambaye nitamrudia.

Kutoka hapo tukateremka na barabara hiyo hiyo hadi bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, palipokuwa na ubalozi wa Marekani. Majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Mtu wa Dar hawezi kupita pale kama mgeni. Asubuhi ile ya mwaka 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani katika miji yetu yote miwili. Kwao walikufa zaidi ya watu 200, kwetu 11, na kumbukumbu yetu iko kwenye uwanja wa Makumbusho ya Taifa. Tulikaa kidogo kwenye benchi, hatukuzungumza sana. Kisha tukaenda KICC, jumba refu la mviringo lililokamilika mwaka 1973, tukapanda juu kuutazama mji. Yote hayo tuliyafikia kwa miguu, na hilo naomba mlikumbuke nitakapofika kwenye suala la eneo.

Mchana tukaingia Nairobi Gallery, na huko ndiko yalikozaliwa maneno ya barua hii.

Ni jengo la mawe la mwaka 1913, pembeni kabisa mwa makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Wakoloni walilijenga kuwa ofisi ya serikali, na kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo watu walimoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Umbali wa barabara kutoka Nairobi kwenda kokote ulihesabiwa kuanzia pale. Si jumba kubwa. Ukumbi wa katikati, na vyumba kuuzunguka, kila kimoja ukubwa wa sebule ya nyumba ya mtu mwenye uwezo. Lakini ofisi iliyokuwa ya kuandikia vifo leo ina picha na sanamu, na mwananchi anaingia, anatembea taratibu, anatazama, hakuna anayemuuliza anataka kununua nini.

Vilivyomo, kwa sehemu kubwa, ni vya Murumbi na mkewe Sheila. Wanafunzi wangu hawamjui Murumbi, na nadhani wasomaji wengi wa huku hawamjui, kwa hiyo nitamweleza. Alizaliwa mwaka 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alisoma India. Miaka ya 1950 aliishi London akiipigania Kenya iliyokuwa chini ya hali ya hatari. Uhuru ulipopatikana akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa nchi hiyo. Alikaa kwenye cheo hicho miezi tu, akajiuzulu. Viongozi wengi tunawakumbuka kwa vyeo. Yeye alichowaachia Wakenya ni alivyonunua: vitabu kwa maelfu, vikiwamo takriban 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, stempu, samani, nguo, vito, na kazi za wasanii wa Afrika ambao wakati ule walikuwa vijana wasiojulikana. Alinunua kazi za Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Alinunua uchongaji wa Expedito Mwebe wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye, mkewe na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage pale Nairobi, mahali pa kuonyesha na kuuza sanaa ya bara zima.

Nilisimama muda mrefu mbele ya viti na milango aliyochonga Mwebe. Mbao zimechongwa hadi hakuna sehemu iliyobaki tupu, watu juu ya watu, na ukisogea karibu unaona alama za patasi. Binti wa dada yangu akasema, "Mjomba, nimepita hapa nje mara ngapi sijui, sikuwahi kuingia." Tukacheka, lakini tulitoka humo saa ya kufunga.

Sasa, Waheshimiwa, sikuja kuwaambia kwamba Kenya wamemaliza na sisi tumelala. Historia ya mkusanyiko ule ina jeraha, na jeraha lile lina somo kubwa kwetu kuliko mafanikio yenyewe. Miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia Serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyiko wake, kwa makubaliano kwamba nyumba ile ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikuwahi kuwa. Kiwanja kiligawiwa watu, nyumba ikabomolewa, na Murumbi aliyaona hayo akiwa hai. Alifariki mwaka 1990, akazikwa kando ya City Park, karibu na kaburi la rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto. Vitu vilivyosalia ndivyo vilivyogawanywa kati ya Nyaraka za Taifa na ile ofisi ya mwaka 1913. Na wasanii wa Kenya hadi leo wanadai jumba la taifa la sanaa lililo kamili, kwa sababu vyumba vile vilitokana na bidii ya mtu mmoja na marafiki zake, havikutokana na mpango wa nchi.

Kwa hiyo nikisema tupeni jumba, sisemi tu serikali inunue vitu. Serikali ya Kenya ilinunua. Kilichokosekana ni kinga: sheria ya kuzuia ofisa fulani, miaka kumi baadaye, asikate kiwanja.

Ndani ya Nairobi Gallery nilizungumza na mzee mmoja wa Kikenya, mstaafu, aliyekuwa amekuja na mkewe. Alipojua natoka Dar es Salaam alifurahi. Alisema wanapanga kuja, na kwamba treni yetu ya SGR wameisikia, wangependa kuipanda hadi Dodoma. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, nikifika Dar, picha za Tingatinga mwenyewe nitaziona jengo gani?" Nikamweleza kuhusu vijana wanaochora Oysterbay pale Morogoro Stores, nikamtajia Mwenge kwa vinyago. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Hizo ni soko. Mimi nauliza makumbusho."

Sikuwa na jengo la kumtajia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar kutafuta maisha, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvinunua. Mkewe na ndugu waliziuza picha pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu walimpiga risasi kwa kumdhania mmoja wao, akafa. Alichora kwa miaka minne, tuseme mitano. Kutokana na miaka hiyo michache leo kuna mtindo unaoitwa kwa jina lake dunia nzima, chama cha ushirika cha wachoraji, na familia nyingi za Dar ambazo ada za watoto zimetoka kwenye chui na ndege wa rangi ya mafuta. Kazi za mkono wake mwenyewe ni chache, na zilizo nyingi kati ya hizo ziko majumbani mwa wakusanyaji wa nje. Mwanafunzi wangu wa Temeke anaweza kununua picha ya Tingatinga iliyochorwa juzi. Ya Tingatinga mwenyewe ataiona kwenye simu.

Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere, kisha London. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York likaununua mchoro huo. Tulipopata uhuru, nchi ilimtuma London kuwa mwakilishi wake. Fikirini jambo hilo: taifa changa lilimtuma mchoraji kwenda kuliwakilisha kwa Malkia. Nikitaka kuwaonyesha Kidato cha Pili kazi yake iliyo maarufu kuliko zote, nawaonyesha picha ya kitu kilichoko Marekani.

Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, alichora ukutani mwa kanisa la Kianglikana Murang'a maisha ya Yesu, watu na milima ikiwa ya Kikuyu, michoro mitano mikubwa. Mwaka 1965, yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa, Nairobi, kituo cha sanaa ambacho waandishi na wachoraji wa Afrika Mashariki nzima walikiona kuwa nyumbani. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya kilichokuwamo. Mchagga wa kwetu aliwajengea Wakenya nyumba ya sanaa, na sisi tuliomzaa hatuna jumba lenye chumba kilichotengwa kueleza kizazi chake: yeye, Ntiro, na wale waliowafuata.

George Lilanga nitamtaja kwa uchungu zaidi, kwa sababu kazi zake nazipenda kuliko za wote. Mmakonde, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini. Alikuja Dar, na mwaka 1974 akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, ile taasisi iliyoanza mwaka 1972 kwa kuungwa mkono na Mwalimu Nyerere. Mlinzi akaanza kuonyesha vinyago vyake na kuchora. Mashetani yake yana masikio marefu, matumbo makubwa na vidole vichache, lakini yanafanya mambo yetu: yanapanda basi, yanabeba maji, yanagombana, yanamsaidia mgonjwa. Mtaa wangu wote umo humo. Alipofariki mwaka 2005, kazi zake zilikuwa kwenye ziara ya maonyesho ya Africa Remix, yaliyopita Düsseldorf, London, Paris na Tokyo kabla ya kufika Johannesburg. Dar es Salaam, alikoishi na kufia, hayakufika. Ukumbi wa kuyapokea ungekuwa upi?

Na wachongaji wa mpingo waliovuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakageuza uchongaji wa Kimakonde kuwa kitu kipya kabisa miaka ya 1950 na 1960? Samaki Likankoa na mashetani yake, mabingwa wa mtindo wa uchongaji uitwao ujamaa, waliochonga ukoo mzima kwenye gogo moja, watu wakiwa wamebebana hadi juu. Wataalamu wa Ujerumani na Japani wanawajua kwa majina. Kwetu kinyago kinauzwa bila jina la aliyekichonga. Mtalii anafunga kwenye gazeti, anapanda ndege. Sina ugomvi na mtalii, wala na mchongaji anayetafuta mkate. Ila kazi iliyo bora kabisa ya kila kizazi ingetakiwa ipate mnunuzi mmoja asiyesafiri nayo, yaani sisi wote kwa pamoja.

Najua Makumbusho ya Taifa yapo, na nayaheshimu. Yalifunguliwa mwaka 1940, yana jengo jipya tangu mwaka 2011, na kazi za sanaa zimo. Lakini yamebebeshwa kila kitu: fuvu la Zinjanthropus, biashara ya utumwa, Vita vya Majimaji, magari ya viongozi, mila za makabila yote. Sanaa ya wachoraji ni sehemu moja kati ya nyingi, na fungu likipungua, ni rahisi kuona kitakachosubiri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo iliandikwa kwa kulenga vitu vya kale kweli kweli, kabla ya mwaka 1863. Hadibodi ya mwaka 1970 haikuwa akilini mwa walioitunga. Najua pia Nafasi Art Space pale Mikocheni inavyowalea vijana tangu mwaka 2008, na vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani vinavyofungua milango kwa maonyesho. Nawashukuru wote. Lakini onyesho la wiki mbili likiisha, kuta zinakuwa nyeupe tena. Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha wasanii, jambo jema, ila mkopo hulipwa kwa kuuza, na wanunuzi wa kazi kubwa kwa kawaida ni wageni. Kwa hiyo hata tunapomsaidia msanii, tunamsaidia kupeleka kazi yake nje.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza, jengo, na jengo lipo. Serikali imehamia Dodoma. Kuanzia Kivukoni hadi Luthuli yamebaki majengo ya serikali yaliyokuwa ya wizara, mengine ya tangu enzi za Wajerumani, yenye kuta nene, veranda pana na miembe uwanjani. Mengine yana ofisi bado, mengine hayatumiki kama zamani. Tengeni moja. Nairobi haikujenga jumba jipya; ilichukua ofisi ya mkuu wa mkoa. Na eneo hilo ni umbali wa kutembea kutoka Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea, kutoka Kanisa la Azania Front na Mtakatifu Yosefu, kutoka kituo cha mwendokasi cha Kivukoni, kutoka gati ya boti za Zanzibar. Mgeni anayelala Dar usiku mmoja akisubiri boti ana asubuhi nzima ya bure, na mimi nawaona wakiipoteza hotelini kwa kukosa mtu wa kuwaambia waende wapi. Mwaka 2027 tunapokea AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Watu wa nchi hizo watakuja kwa maelfu, na kati ya mechi na mechi watatembea.

Pili, na hili kwangu ni zito kuliko jengo: sheria. Jumba liundwe kwa sheria ya Bunge, liwe na bodi yake, na iandikwe wazi kwamba kilichoingia kwenye mkusanyiko wa taifa hakiuzwi, hakigawiwi kama zawadi kwa mgeni wa serikali, hakihamishiwi ofisi ya mtu, na kiwanja hakibadilishiwi matumizi bila Bunge kuamua hadharani. Daftari la vitu vyote lichapishwe, lisomwe na yeyote: jina la msanii, mwaka, kimenunuliwa kwa nani. Kama Muthaiga ingekuwa na sheria ya namna hiyo, nyumba ya Murumbi ingekuwa imesimama leo.

Tatu, kasma ya kununua, hata ikiwa ndogo, lakini ya kila mwaka. Inunue kwa wasanii walio hai kwa bei halali, kwa uamuzi wa watu wanaojua kazi na wanaobadilishwa kila baada ya muda. Sehemu nyingine itumike kutafuta kazi za zamani. Kuna wazee wa Kizungu na wa Kihindi waliofanya kazi hapa miaka ya 1970, wana hadibodi za Tingatinga na vinyago vya Likankoa kwenye nyumba zao, na watoto wao hawajui wavifanyie nini. Wengine wangevirudisha bure kama kungekuwa na anuani ya kuvipeleka. Leo mtu akitaka kuizawadia Tanzania mchoro, aende ofisi gani? Na wachoraji wa mwanzo, wale waliokaa sakafuni na Tingatinga wakijifunza, wanaondoka mmoja mmoja. Mtu akae nao na kinasa sauti sasa hivi, kabla ya rangi za ukutani, kabla ya utepe wa kukata.

Hali ya hewa yetu pia haisubiri. Hadibodi inanyonya unyevu, inavimba pembeni, rangi inabanduka. Mchwa wa Dar mnawajua. Mpingo ukitoka kwenye joto na kuwekwa kwenye kiyoyozi kikali unapasuka. Kuhifadhi vitu hivi ni taaluma, na Makumbusho ya Taifa yana watu walioisomea. Wapewe vifaa na wasaidizi.

Maelezo ukutani yaanze kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, na yasiishie kwenye jina na mwaka. Mtoto aambiwe Lilanga alikuwa mlinzi. Aambiwe rangi ilikuwa ya baiskeli. Jumba liwe wazi Jumamosi na Jumapili, maana siku za kazi mzazi wa Mbagala hana nafasi. Kiingilio cha mwanafunzi mwenye sare kiwe bure. Mimi nina wanafunzi zaidi ya 70 katika mkondo mmoja. Kuwapeleka popote ni nauli ya daladala mbili, ruhusa za wazazi na chakula. Tukifika getini tukaambiwa kila mmoja alipe, safari hiyo haitatokea mwaka unaofuata.

Najua jibu la kwanza litakalokuja: fedha, Mwalimu, na wewe mwenyewe unalia madarasa. Ni kweli nalia madarasa, na nitaendelea kulia. Lakini sijaomba mnara. Nimeomba jengo mlilonalo, sheria ya kurasa chache, na fungu ambalo kwenye bajeti ya wizara halitaonekana bila miwani. Mwaka 1972 nchi hii ilikuwa maskini kuliko leo, na bado Nyumba ya Sanaa ilianzishwa, na mlinzi wake akawa msanii wa dunia. Waliofanya hivyo walikuwa na zahanati za kujenga pia.

Jibu la pili nalihofia zaidi, nalo ni kila wizara kusema suala hili ni la jirani. Ndiyo maana nawaomba mkae pamoja mara moja tu, muamue jumba litakuwa chini ya nani, kisha uamuzi huo usomwe kwenye moja ya hotuba zenu za bajeti katika Bunge lijalo la bajeti, ili ukae kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na sisi tuweze kuuliza mwaka unaofuata mmefikia wapi. Nitawasikiliza nyote wawili, hotuba zote mbili, na walimu wenzangu wa Historia hapa Temeke tumekubaliana kugawana siku za kusikiliza. Mkihitaji walimu wa kusaidia kuandika maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi, tupo, na hatutadai posho.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia,
Temeke, Dar es Salaam.